Transfoma ya Kengele ya Mlangoni: Kuichagua na Kuifunga

Transfoma ya kengele ni kifaa kidogo kinachopokea umeme wa nyumbani wa volti 230 na kutoa umeme hafifu, kwa kawaida wa volti 8, 12 au 24, kwa ajili ya kengele na kitufe chake. Hukaa ndani ya boksi la breka au jirani nalo, na mara nyingi mwenye nyumba hajui hata kama ipo. Kengele yenyewe inaweza kulia bila transfoma, kwani zipo kengele za volti 230 zinazounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, na maduka ya vifaa vya umeme huziuza kwa bei ndogo. Transfoma huwekwa kwa ajili ya kidole cha anayebonyeza.

Katika nyumba zenye ukuta na geti, ziwe za Arusha, Nairobi au Mwanza, mgeni anayepiga hodi kutoka nje hasikiki ndani, na ndiyo maana kitufe huwekwa kwenye nguzo ya geti. Pale kinanyeshewa, kinapigwa jua hadi plastiki inakauka na kupasuka, na kinabonyezwa na mtu yeyote apitaye, watoto wakiwemo, aghalabu wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenye maji. Ikiwa nyaya zilizofika pale zina volti 230, kitufe kilichopasuka ni mtego. Hesabu yake ni fupi. Mwili wa mtu aliyelowa huweza kuwa na ukinzani wa takribani omu 1000 tu. Volti 230 zikipita katika ukinzani huo hutoa mkondo wa miliampea 230, ilhali breka za kuzuia mshtuko zinazofungwa majumbani hutegwa zikate umeme unapovuja miliampea 30, kwa sababu kuanzia hapo moyo uko hatarini. Volti 8 katika mwili huohuo hutoa miliampea 8, na ngozi ikiwa kavu ni chini ya hapo sana. Kwa hiyo nyumba ambayo kitufe cha getini kina volti 230 inastahili kubadilishiwa mfumo wake, hata kama kengele inalia vizuri na haijawahi kumdhuru mtu.

Ndani ya transfoma kuna koili mbili za waya wa shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha mabamba membamba ya chuma. Koili ya kwanza hupokea umeme wa nyumba. Umeme huo ni mkondo geu: katika mfumo wa hezi 50 unaotumika Afrika Mashariki, hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila unapogeuka hugeuza pia nguvu ya sumaku katika chuma. Sumaku hiyo inayobadilika ndiyo inayozalisha umeme katika koili ya pili. Kiasi cha volti hufuata idadi ya mizunguko ya waya. Ili kushuka kutoka 230 hadi 8, koili ya kwanza huhitaji karibu mizunguko 29 kwa kila mzunguko mmoja wa koili ya pili.

Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, alipozungusha koili mbili kwenye pete ya chuma. Mwaka huohuo Joseph Henry, akiwa Albany nchini Marekani, aligongesha kengele kwa sumaku ya umeme kupitia waya mrefu. Kwa miongo mingi baada ya hapo kengele za milangoni ziliendeshwa kwa betri, hasa za aina iliyobuniwa na Mfaransa Georges Leclanché katika miaka ya 1860. Transfoma ya matumizi ya kawaida ilikuja mwaka 1885, kazi ya wahandisi watatu wa Budapest: Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri. Umeme wa mkondo geu ulipoenea majumbani, kengele zikaacha betri na kuingia kwenye transfoma.

Jambo la msingi kuliko yote katika kuchagua ni kwamba koili hizo mbili zisigusane kabisa. Umeme huvuka kwa njia ya sumaku tu, na hakuna waya unaoungana kutoka upande wa 230 hadi upande wa kengele. Utengano huo ndio usalama wenyewe. Zipo transfoma zenye koili moja tu, zinazotoa volti pungufu kwa kuchomoa waya katikati ya koili. Hizo hupunguza volti lakini hazitenganishi, na nyutro ikikatika au nyaya zikigeuzwa, kitufe chaweza kubeba volti 230 dhidi ya ardhi. Hali kadhalika vifaa rahisi vinavyopunguza umeme kwa kapasita au rezista. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa kwa kengele, na bei yake ndogo isimshawishi mtu.

Mnunuzi hahitaji kukifungua kifaa ili ajue. Kwenye kibandiko cha transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya kengele huwepo namba ya kiwango cha kimataifa cha aina hiyo, IEC 61558-2-8, na mara nyingi mchoro mdogo wa kengele. Mraba mmoja ndani ya mwingine huonyesha kwamba kifaa kina kinga maradufu na hakihitaji waya wa ardhi. Kilicho na kasha la chuma na skrubu ya ardhi lazima kiungwe ardhini. Kibandiko kieleze pia volti za kuingia, volti za kutoka, hezi, na uwezo wake. Ni vema kutafuta inayotajwa kuwa inahimili shoti upande wa pili, kwa sababu shoti ya nyaya za kengele si jambo la ajabu: msumari wa picha, jembe la mtunza bustani au panya darini vyaweza kuisababisha, na transfoma isiyo na kinga itachemka hadi iungue. Transfoma isiyo na kibandiko chochote iachwe dukani.

Baada ya hapo huja suala la volti, nalo huamuliwa na kengele. Kengele ya kugonga vibamba viwili vya chuma, ile yenye sauti mbili, moja kidole kinapobonyeza na nyingine kinapoachia, huwa na fimbo inayorushwa na koili ya sumaku, na zile za asili ya Uingereza zilizozoeleka Afrika Mashariki kwa kawaida hutaka volti 8 na ampea 1. Za Kimarekani hutaka volti 16. Kengele ya elektroniki yenye spika yaweza kutaka 8 au 12. Kengele za video, zenye kamera, nyingi zimeandikwa volti 16 hadi 24 za mkondo geu. Volti zikipungua, fimbo hutikisika bila kugonga. Zikizidi sana, koili ya kengele hupata joto na hatimaye kuungua. Kuna transfoma zinazotoa volti za namna mbili au tatu kutoka kwenye skrubu tofauti, na hizo zinafaa kwa sababu fundi anaweza kupandisha ngazi moja kengele ikionekana dhaifu. Kwenye baadhi ya zile za zamani, kati ya skrubu ya kwanza na ya pili kuna volti 3, kati ya ya pili na ya tatu volti 5, na kati ya mbili za pembeni volti 8. Anayeunganisha bila kusoma kibandiko huishia kuilaumu kengele.

Uwezo wa transfoma huandikwa kwa VA, yaani volti ikizidishwa kwa ampea. Yenye volti 8 na ampea 1 ni ya VA 8. Yenye volti 24 na VA 8 haitoi zaidi ya theluthi moja ya ampea. Kwa kengele moja ya kawaida VA 8 zinatosha kabisa, kwa sababu hufanya kazi kwa sekunde mbili tatu kisha hupumzika. Nyumba yenye kengele mbili zinazolia pamoja, labda moja sebuleni na nyingine jikoni nyuma, inahitaji takribani mara mbili. Kengele ya video ni habari nyingine. Haipumziki: inaendesha kamera na mawasiliano ya Wi-Fi saa zote, na usiku huwasha taa zake za infraredi. Watengenezaji wengi hutaja kati ya VA 10 na 40, na ni busara kununua transfoma iliyo juu kidogo ya kiwango cha chini kilichoandikwa, kwa sababu kifaa kinachofanya kazi mwisho wa uwezo wake ndani ya boksi la moto hakidumu. Kuzidisha VA hakudhuru kengele, kwani kengele huchukua mkondo inaohitaji tu, ilimradi volti ni zilezile na mtengenezaji hajaweka kikomo cha juu.

Waya ndio unaosahaulika zaidi, na katika nyumba zenye geti la mbali ndio unaoharibu kazi nzuri. Kila waya una ukinzani, na katika volti ndogo upotevu huo huonekana mara moja. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.2, sawa na ule wa kebo za mtandao wa kompyuta, una karibu omu 0.09 kwa kila mita. Geti likiwa mita 20 kutoka kwenye kengele, umeme unasafiri mita 40 kwenda na kurudi, na ukinzani unafika omu 3.5. Kengele ya volti 8 inayovuta ampea 1 itapoteza volti 3.5 njiani na kubakiwa na 4.5, kiasi kisichotosha kuirusha fimbo. Waya wa milimita za mraba 1.0 katika umbali huohuo hupoteza kama volti 0.7 tu. Hivyo kwa geti la mbali waya wa 0.75 au 1.0 ndio wa kuchagua, na kama nyaya nyembamba zimekwisha kufukiwa na haziwezi kubadilishwa, jozi mbili za kebo hiyo huweza kuungwa pamoja ili kupunguza ukinzani kwa nusu. Kupandisha volti pia husaidia: kwa kazi ileile, volti 24 huhitaji mkondo mdogo zaidi kuliko volti 8, na upotevu hupungua.

Kabla ya kununua, ni lazima kujua umeme wa nyumba ni wa aina gani, kwa maana si kila nyumba inategemea gridi. Nyumba yenye sola ya volti 12 isiyo na inveta hutumia mkondo mnyoofu. Mkondo huo haubadilishi sumaku, kwa hiyo koili ya pili haipati kitu, na transfoma ya volti 230 ikiunganishwa hapo haitaliza kengele kamwe. Nyumba ya namna hiyo haihitaji transfoma. Inahitaji kengele ya volti 12 za mkondo mnyoofu na fyuzi ndogo karibu na betri. Penye inveta, aina yake ina maana: inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini huifanya transfoma ivume kwa sauti na kupata joto zaidi kuliko kwenye umeme wa gridi. Ikivuma vile kwa saa nyingi kila siku, ni afadhali kuchagua yenye VA kubwa zaidi, au kuihamishia kwenye inveta ya wimbi laini.

Kengele za video zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani au Kanada zina mtego wake. Boksi likija na transfoma, hiyo ni ya volti 120 na hezi 60. Kwenye volti 230 itaungua, pengine katika dakika za kwanza. Kengele yenyewe, ikiwa imeandikwa volti 16 hadi 24, hezi 50 na 60, inatumika bila shida kwa transfoma iliyonunuliwa hapa. Angalizo moja: transfoma ndogo ikiwa haina mzigo hutoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa, na volti zake hupanda na kushuka pamoja na umeme wa gridi kwa uwiano uleule. Ya volti 24 itatoa zaidi ya 26 gridi ikipanda hadi 250, na chini ya 19 ikishuka hadi 180. Kwa kifaa chenye kikomo cha 24, transfoma ya volti 18 au 20, ikipatikana, ni chaguo tulivu zaidi. Ikiwa kengele ya video itaachwa ilize pia kengele ya zamani ya ndani, maelekezo yake yasomwe hadi mwisho. Nyingine hutaka kengele ya zamani irukwe kwa kipande cha waya, na nyingine huja na kifaa kidogo cha kufunga ndani yake.

Kufunga kuna pande mbili zenye uzito tofauti. Upande wa volti 230 ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na mamlaka ya EWURA na Kenya na EPRA. Upande wa kengele, ambako volti ni ndogo, mtu makini anaweza kuumudu mwenyewe. Mahali bora pa transfoma ya kisasa ni ndani ya boksi la breka, kwenye reli ileile ya breka, na kuifunga hapo ni kuibana tu. Ile ya kupigwa skrubu ukutani huwekwa ndani ya boksi lake karibu na boksi la breka, mahali pakavu penye hewa, isifunikwe kwa nguo wala kuzikwa kwenye plasta. Darini juu ya singibodi si pazuri kwa sababu joto la bati mchana ni kali, na ikiharibika hakuna atakayekumbuka iko wapi.

Fundi huanza kwa kuzima swichi kuu, si breka ya chumba kimoja, kisha huthibitisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, akiwa ameijaribu testa hiyo mahali penye umeme kabla na baada. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro, za karibuni zina kahawia na bluu, na nyingine zimechanganywa na mafundi tofauti, kwa hiyo rangi peke yake haiaminiki. Waya wa moto na nyutro huingia kwenye skrubu za upande wa 230 kupitia breka ya ampea 6, au, pasipo nafasi kwenye boksi, kupitia soketi ya fyuzi yenye fyuzi ya ampea 3. Skrubu hukazwa, kisha waya huvutwa kidogo kuhakikisha umeshika.

Upande wa pili ni njia moja inayozunguka. Kutoka skrubu moja ya transfoma waya huenda kwenye kengele. Kutoka kengele waya mwingine huenda kwenye kitufe. Kutoka kitufe waya hurudi kwenye skrubu ya pili ya transfoma. Kitufe kikibonyezwa, njia hukamilika. Mkondo geu hauna chanya wala hasi, kwa hiyo haijalishi ni skrubu ipi iliyoanza. Upande huu hauungwi ardhini. Nyaya zake zipitishwe kwenye paipu yake, mbali na nyaya za 230, kwa sababu plasta ikipasuka na maganda ya nyaya yakachubuka pamoja, utengano uliolipiwa kwenye transfoma unapotea ndani ya paipu.

Nyumba inayohama kutoka kengele ya volti 230 inahitaji uangalifu zaidi kuliko nyumba mpya. Nyaya zilizokwenda getini zaweza kuendelea kutumika ikiwa ganda lake ni zima, lakini mara nyingi kitufe na taa ya geti vimeshirikishwa nyutro moja, au waya wa moto wa taa ndio uliochomolewa kulisha kitufe. Ushirika huo lazima uvunjwe kabisa. Fundi hufuatilia kila waya mpaka mwisho, huchomoa za kengele kutoka kwenye taa, na hupima kwa multimita, umeme ukiwa umewashwa na taa ya geti inawaka, kuhakikisha hakuna volti yoyote kwenye nyaya za kitufe kabla ya kuziunga kwenye transfoma. Kama haziwezi kutenganishwa, waya mpya huvutwa. Kengele ya zamani ya volti 230 hutolewa, kwani haitalia kwa volti 8.

Kazi ikiisha, multimita iliyotegwa kwenye mkondo geu huwekwa kwenye skrubu za upande wa pili. Transfoma ya volti 8 ikionyesha 10 au 11 kabla ya kengele kubonyezwa haina kasoro. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa kwenye skrubu za kengele huku mtu mwingine akibonyeza getini. Zikibaki karibu na zile zilizoandikwa, waya unatosha. Baada ya saa moja kasha la transfoma huweza kuwa na uvuguvugu na mvumo mdogo, kwa kuwa huvuta wati moja au mbili hata kengele isipolia, sawa na uniti 9 hadi 17 hivi kwa mwaka. Ikiwa mkono hauvumilii joto lake, au inavuma kiasi cha kusikika chumba cha pili, izimwe na kukaguliwa.

Hitilafu za baadaye hujieleza zenyewe kwa mtu anayejua njia ya umeme. Kengele inayonguruma mfululizo bila kubonyezwa ina kitufe kilichonasa au kilichoingia maji, na breka yake izimwe upesi kabla koili haijaungua. Kengele ya video inayofanya kazi mchana na kujizima usiku ina transfoma yenye VA chache au waya mwembamba, kwa sababu giza likiingia taa zake huwaka na mahitaji hupanda. Kengele iliyonyamaza ghafla hupimwa kuanzia nyumbani kwenda nje: kukiwa na volti kwenye transfoma, vipande viwili vya waya nyuma ya kitufe huguswa pamoja, jambo salama kwa volti 8, na ikilia basi kasoro ni kitufe. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kasoro huwa hapo mara nyingi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viguso vya shaba hadi vinakuwa kijani. Sandpepa laini huvirudisha kwa muda, na kitufe kilichozibwa dhidi ya maji, chenye alama ya IP65, hudumu zaidi pwani kuliko vile vya kawaida.